Ubora wa programu na kazi ya kupima: maswali ninayoulizwa Unguja na Pemba

Kazi yangu ni kupima programu za kompyuta na za simu kabla hazijawafikia watu. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa vyuo vya Tunguu, na wenye maduka wa Darajani, na wenye hoteli wa Paje, na vijana wa Chake Chake wanaoandika programu usiku baada ya kazi zao za mchana. Pale jambo linapotaka maelezo marefu nimerefusha, kwengine nimejibu kwa ufupi.

Programu yenye ubora ni ipi?

Wengi husema ni ile isiyo na kasoro. Jibu hilo halitoshi, na mimi nilikuja kulijua hilo baada ya mtu kupata tabu kwa sababu yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa kukatia tiketi za boti baina ya Unguja na Pemba. Maelekezo yalisema abiria akishalipa apelekewe ujumbe wenye jina lake, tarehe na saa ya kuondoka. Nikapima. Ujumbe ulifika, jina sahihi, tarehe sahihi, saa inalingana na iliyomo kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa za mfumo. Nikaweka alama kwamba imepita. Wiki ya mwanzo ya mfumo kutumika nilikwenda bandarini Malindi kuwatazama watu wanavyoutumia, na saa sita na nusu mchana nikamkuta bibi mmoja amekaa kivulini, pakacha la maembe liko miguuni, simu ya tochi mkononi. Nikamwamkia. Akaniitikia, kisha akaninyooshea simu: "Mwanangu, boti ya saa saba haijafunga gati bado?"

Ujumbe ulisema hivi: Boti itaondoka saa 7:00. Kwenye mfumo ile 7:00 ilikuwa saa moja asubuhi, na boti ilikuwa imeondoka tokea wakati huo. Bibi kwa saa zake amewahi nusu saa nzima, na saa zake ndizo saa zetu sote tunaosema Kiswahili. Usiku ule alilala kwa jamaa zake mjini na tiketi yake imepotea.

Mfumo ulifanya kila ulichoambiwa. Mmarekani Philip Crosby, mtaalamu wa ubora, alieleza ubora kuwa ni kutimiza masharti yaliyowekwa, na kwa kipimo hicho tulifaulu. Joseph Juran, mtaalamu mwengine wa ubora, alisema ubora ni kitu kufaa kwa matumizi yake, na hapo tulianguka. Anayenigusa zaidi ni Gerald Weinberg, mwandishi wa vitabu vya programu, aliyesema ubora ni thamani kwa mtu fulani. Tokea siku ile, kila ninapopima, nauliza kwanza huyo mtu fulani ni nani. Tiketi zile sasa zinaandikwa "saa 1:00 asubuhi", na neno asubuhi haliachwi.

Kuna na orodha ya kimataifa, ISO/IEC 25010, inayozigawa sifa za ubora wa programu. Toleo la 2011 lilikuwa na sifa nane, zikiwemo kufanya kazi iliyokusudiwa, kasi, usalama wa taarifa, urahisi wa kutumia na urahisi wa kurekebishwa. Toleo la 2023 limeongeza ya tisa, nayo ni kutomdhuru mtu. Orodha hiyo ni nzuri ya kukukumbusha usichopaswa kusahau, lakini haikwambii bibi wa Malindi anasomaje saa.

Kwa hivyo kupima ndiko kunakoleta ubora?

Hapana. Kipimajoto hakishushi homa. Kupima kunakupa habari kuhusu hali ya programu, na ubora unakuja kwa watu kuzifanyia kazi habari hizo. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha wenye viwanda wa Japani kuanzia 1950, alisisitiza kwamba ukitegemea ukaguzi wa mwisho ili upate ubora umeshachelewa, kwa sababu ubora au ukosefu wake umo tayari ndani ya kitu.

Mafundi wa jahazi pale Nungwi wanalielewa hili bila ya kusoma kokote. Fundi hangoji chombo kishushwe majini ndipo atafute mshono uliokosa kalafati. Anautazama ubao kabla hajaukata, anautazama tena anapoupigilia, na kila mshono anaupitia kwa macho na kwa vidole. Mpimaji anayeletewa programu siku mbili kabla ya uzinduzi hana tena nafasi ya kuangalia mbao. Atakachoweza ni kukwambia chombo kinaingiza maji.

Basi mpimaji aanze kazi lini?

Siku ya mazungumzo ya mwanzo, kabla hakijaandikwa chochote. Hoteli moja ilitaka mfumo utoe punguzo kwa wageni wa "usiku wa Ijumaa". Maneno matatu tu, na kila mtu mezani alitikisa kichwa. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya simu, huo ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Kwa wazee wetu siku inaanza magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alkhamisi jua likishatua. Niliuliza swali moja: mzee, ni Alkhamisi usiku au Ijumaa usiku? Ikaonekana kuwa meneja na mwenye hoteli hawakuwa wakimaanisha usiku mmoja, na hakuna aliyelijua hilo.

Swali hilo lilichukua dakika mbili. Lingesubiri mpaka mfumo ukamilike, pangehitajika kubadilisha hesabu, risiti, ripoti za mwezi, na kurejesha fedha za wageni waliokatwa visivyo. Ndiyo maana nasema sehemu nzuri ya kazi yangu ni kuuliza maswali ambayo wengine wanaona haya kuyauliza.

Kosa, kasoro na hitilafu si kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, lakini kazini inafaa kuyatenganisha, kwani kila moja lina dawa yake. Kosa ni la mtu: amesahau, amechoka, hakuelewa. Kasoro ni kile alichokiacha ndani ya programu kwa kosa lake. Hitilafu ni siku kasoro hiyo inapojitokeza mbele ya mtumiaji. Kasoro inaweza kulala miaka bila ya kuleta hitilafu hata moja.

Mfano ninaoupenda ni wa kwetu kabisa. Chukua fomu yoyote inayouliza mahali unapoishi, uandike: Ng'ambo. Nimeona mifumo ikianguka kwa neno hilo. Sababu ni kwamba katika lugha inayotumika kuiamrisha hifadhidata, maneno hufungwa baina ya alama mbili zinazofanana na hiyo iliyo katikati ya ng na a. Mwandishi wa programu akiyaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri yake, hifadhidata ikikutana na alama ya Ng'ambo inadhani maneno yamekwisha hapo, na "ambo" iliyobaki inaisoma kama amri isiyoeleweka. Kosa lilikuwa la mwandishi, kasoro ikalala kwa miezi, na hitilafu ilitokea siku mkaazi wa Ng'ambo alipojisajili.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tundu hilohilo ndilo linalotumiwa na wezi wa mitandaoni: badala ya jina la mtaa, mtu anaandika amri ya kufuta au kuiba taarifa, na hifadhidata inatii. Dawa yake inajulikana siku nyingi, nayo ni kuipelekea hifadhidata amri peke yake na maneno ya mtumiaji peke yake, visichanganywe. Ukimaliza hapo bado kuna jengine. Simu nyingi huandika alama hiyo ikiwa imepinda, na kompyuta huiandika imenyooka. Kwa macho ni alama moja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na karani akimtafuta mtu wa Ng'ambo kwa kompyuta ataambiwa hayupo. Mtu anayeandika programu mbali na hapa hana sababu ya kuliwaza neno hilo. Sisi tunayo.

Watu huuliza pia kwa nini Waingereza huita kasoro kwa jina la mdudu. Neno hilo mafundi walikuwa wakilitumia tokea karne ya 19, lakini kuna kisa cha kweli cha tarehe 9 Septemba 1947: wahandisi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani, na nondo bado amebandikwa.

Kwa nini aliyeandika programu asiipime mwenyewe?

Aipime, tena ni wajibu wake. Kila kipande anachokiandika akiandikie na majaribio madogo yanayojiendesha. Lakini nyani haoni kundule. Aliyeandika anajua njia aliyoikusudia, na vidole vyake vitaifuata njia hiyo hata akijitahidi vipi. Hatobonyeza kitufe cha kurudi katikati ya malipo, wala hatoweka jina la herufi mbili, kwa sababu kichwani mwake watu hawafanyi hivyo. Hili halina uhusiano na uhodari, mimi mwenyewe ripoti zangu nampa mwengine azisome.

Mnaweza kupima kila kitu?

Haiwezekani. Tuseme fomu ina sehemu 10 na kila sehemu ina majibu 5 ya kuchagua. Michanganyiko yake ni 9,765,625. Mashine ikipima mmoja kila sekunde, usiku na mchana, itamaliza baada ya siku 113. Na hiyo ni fomu moja isiyo na sehemu ya kuandika jina. Mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, alilisema mwaka 1969, kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Roma: kupima kunaonyesha kuwa kasoro zipo, hakuonyeshi kuwa hazipo. Kwa hivyo mpimaji akikwambia programu yako "haina kasoro hata moja", mwambie akueleze alichopima na alichokiacha.

Kwa kuwa hatuwezi vyote, tunachagua, na hapo ndipo penye ufundi. Tuseme sheria ya boti ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 analipa nusu nauli. Umri wa 4, wa 6 na wa 9 mfumo unauona sawasawa, kwa hivyo kupima mmoja kati ya hao kunatosha. Kasoro hujificha mpakani. Napima 11, napima 12, napima 13, kwa sababu ni rahisi sana kuandika "12 au chini yake" badala ya "chini ya 12", na kwa kila mtoto wa miaka 12 boti itapoteza fedha bila ya kujua. Kisha napima sifuri, maana mtoto mchanga naye anasafiri. Napima umri usioandikwa, umri wa 130, na umri ulioandikwa kwa maneno. Majaribio kumi yaliyochaguliwa hivyo yanafichua mengi kuliko mia ya kubahatisha.

Baada ya mipaka ninaangalia hatari. Panapopita fedha, afya ya mtu au siri zake, hapo nakaa siku nyingi. Rangi ya kitufe nitaitazama nikipata nafasi.

Mtandao wetu unakatika na umeme unazimika. Hilo nalo ni suala la ubora?

Kwa hapa kwetu ni suala la mwanzo kabisa. Unguja ilikaa kama miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Na huhitaji mkasa mkubwa kama huo. Panda boti ya Pemba tu, katikati ya mkondo simu inatafuta mtandao na haupati.

Kinachotokea kwa mtumiaji ni hiki. Mama anabonyeza "Lipa". Ombi linafika kwenye sava, ile kompyuta inayopokea maombi ya simu zote, fedha inakatwa, lakini jibu la kumwambia "umelipa" halirudi, mtandao umekatika. Kioo kimeganda. Anasubiri, anabonyeza tena. Sava inapokea ombi la pili na kuliona jipya, fedha inakatwa mara ya pili. Kwenye ofisi yenye mtandao mzuri kasoro hii huioni hata ukipima mwezi mzima.

Kuipima ni rahisi. Bonyeza, weka simu kwenye hali ya ndege hapohapo, itoe, bonyeza tena, kisha hesabu miamala. Iwe mmoja. Kinga yake ni kila nia ya kulipa kupewa namba yake ya pekee tokea simuni, ili sava ikiiona namba ileile mara ya pili irudishe jibu la mwanzo bila ya kukata tena. Nikiletewa programu yoyote ya malipo, jaribio hili nalifanya kabla hata sijatazama ukurasa wa mbele.

Napima pia kwa simu ya bei ndogo iliyojaa picha, yenye betri inayokaribia kwisha, na natoka nayo nje saa saba mchana nione kama maandishi yanasomeka juani. Programu inayomaliza bando la mtu kwa kupakua picha kubwa za mapambo, kwangu mimi ina kasoro, hata kama kila kitufe kinafanya kazi.

Aina za majaribio ni ngapi?

Majina ni mengi kuliko mambo yenyewe. Kwa ufupi: kwanza unapima kipande kimojamoja, halafu vipande vinavyounganishwa, halafu mfumo mzima, na mwisho mwenye kazi anaupima kuona kama unamfaa. Kila mara programu inapobadilishwa unarudia yale ya zamani, maana fundi akiziba huku huweza kutoboa kule. Majaribio ya vipande yawe mengi na ya haraka, yale ya mfumo mzima yawe machache, kwani ni mazito na huharibika upesi.

Siku hizi si mashine zinapima zenyewe?

Zinarudia. Ukishajua unataka nini, unaweza kuiandikia mashine hatua na ikazifanya kila usiku bila ya kuchoka. JUnit, zana ya kuandikia majaribio ya vipande iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, iliwafanya waandishi wengi wa programu wazoee kuandika majaribio pamoja na kazi yao. Selenium, iliyoanza 2004, inaendesha kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama vile mtu anabonyeza. Zote unaweza kuzipata bure.

Lakini ujumbe wa "saa 7:00" ungepita kwenye mashine kila usiku kwa miaka kumi. Mashine inalinganisha ilichopewa na ilichotarajia, na matarajio yaliandikwa na mtu yuleyule aliyekosea. Kwa hivyo nakushauri uipe mashine marudio, hesabu na mipaka. Mtu abaki na simu mkononi, atembee ndani ya programu kama mgeni, afuate kila kinachomtia shaka. Nusu ya kasoro mbaya nilizowahi kuzipata nilizipata nikiwa natafuta kitu chengine.

Programu imefanya kazi Bara miaka mitano. Kuna haja ya kuipima upya ikiletwa Zanzibar?

Haja ipo, na hili nataka wenye taasisi walisome kwa utulivu.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa mara ya kwanza. Sekunde kama 37 baadaye ikapinda na kulipuka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila ya tatizo. Ndani yake palikuwa na namba iliyotoka kwenye nafasi kubwa (biti 64) ikaingizwa kwenye nafasi ndogo (biti 16), na nafasi hiyo ndogo haipokei zaidi ya 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda pembeni, namba ikafurika, kompyuta ya mwelekeo ikazima. Ile ya akiba nayo ilikuwa na programu hiyohiyo, ikazima vilevile. Hakuna aliyeipima kwa mwendo halisi wa roketi mpya.

Sasa njoo kwenye fomu. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya Bara unauliza kata. Sisi tuna shehia na sheha. Unauliza namba ya kitambulisho cha taifa na unakataa kuendelea bila yake, na mbele ya karani amesimama mzee mwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Unataka jina la ukoo, na mtu ana jina lake, la baba na la babu. Programu ni ileile iliyosifiwa kwengine, lakini mahali pamebadilika, na karani wa Wete atalazimika kuandika uongo ili fomu ipite. Taarifa za uongo zikishaingia hazitoki kirahisi.

Vipimo navyo ni hivyohivyo. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa nguvu kwa pauni na ya upande mwengine ikazisoma kama newtoni. Pemba mchumaji wa karafuu anahesabiwa kwa pishi na mnunuzi anapima kwa kilo. Anayeandika programu ya msimu wa karafuu bila ya kuandika kipimo pembeni ya kila namba anajitafutia ugomvi shambani.

Mnapimaje wingi wa watu?

Tunaiga siku ngumu. Kwa boti, siku ngumu ni zile mbili kabla ya Sikukuu, kila mtu anataka kwenda kwao. Mwezi wa Ramadhani masaa ya matumizi yanahama hadi baada ya tarawehe. Zingatia pia kwamba Idi inategemea mwezi kuandama, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Mfumo uliopangiwa tarehe ya Idi mapema bila ya nafasi ya kuisogeza kwa siku moja utafunga ofisi siku ya kazi.

Kuna watu waliowahi kufa kwa kasoro za programu?

Ndiyo. Mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi ya kupindukia baina ya 1985 na 1987 huko Marekani na Kanada, na wasiopungua watatu walifariki. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya vyuma; katika hii vingi viliondolewa na kazi ikaachiwa programu. Mwendeshaji aliyezoea, mwenye vidole vyepesi, akirekebisha maandishi kwa haraka mashine ilibaki kwenye hali isiyo sahihi. Waliopima taratibu hawakuweza kuiona kasoro hiyo. Naifikiria kila ninapoona programu ya hospitali inapimwa na mtu mmoja kwa siku moja.

Duka langu ni dogo, sina fedha ya kumwajiri mpimaji. Nifanye nini?

Chagua mambo matano ambayo yakiharibika duka linasimama: kuuza, kupokea malipo, kutoa risiti, kuhesabu mzigo, kufunga hesabu ya siku. Yaandike kwenye karatasi, hatua kwa hatua, na jibu unalolitarajia. Kila fundi anapokuletea toleo jipya, mpe mtoto wako wa skuli karatasi hiyo aipitie kabla hujafungua duka. Muite pia mtu asiyewahi kuiona programu, umpe kazi moja, unyamaze. Usimsaidie. Pale vidole vyake vinaposita ndipo pa kurekebisha.

Na kabla ya toleo jipya, weka nakala ya taarifa zako na uhakikishe zinarudi. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu kuwa ni nakala. Ukiwa na matawi, anza na moja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho (toleo la marekebisho) moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipelekwa duniani kote kwa wakati mmoja na kuzima kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Viwanja vya ndege na hospitali vilikwama. Lingetolewa kwa wachache kwanza, madhara yangebaki kwa wachache.

Nani anaamua programu itoke au isitoke?

Mwenye kazi. Mimi namweleza ninachokijua, kisichopimwa, na kinachoweza kutokea. Mara nyengine anaamua kutoa na kasoro zake kwa sababu msimu wa watalii unaanza, na hiyo ni haki yake, maadamu amejua. Nisichokubali ni kuombwa nilainishe ripoti.

Nahitaji cheti ili niwe mpimaji?

Si lazima, ila kinasaidia ukiomba kazi nje ya nchi. Kinachojulikana zaidi ni cha ISTQB, taasisi iliyoanzishwa 2002. Mtihani wa ngazi ya msingi una maswali 40 kwa dakika 60, na unapita ukipata 26. Ukiufanya kwa lugha isiyo yako unaongezewa robo ya muda, zinakuwa dakika 75, hivyo ukiufanya kwa Kiingereza ulizia nyongeza hiyo. Mimi nikimchagua kijana, namuomba kwanza aniandikie ripoti ya kasoro moja aliyoiona kwenye programu anayoitumia. Hapo namjua.

Akili mnemba haitawaondoa?

Inaandika programu kwa haraka, kwa hivyo cha kupima kimeongezeka. Inanisaidia kupata mawazo ya majaribio na naitumia. Lakini niliiomba mara moja iandike ujumbe wa tiketi ya saa 07:00 kwa Kiswahili. Iliandika saa 7:00.

Mimi ni mtumiaji tu. Nikiona kasoro niripoti vipi?

Usiandike "apu yenu mbovu". Anayesoma hana pa kuanzia. Andika ulichokifanya kwa mpangilio, ulichokitarajia, kilichotokea, aina ya simu, na wakati. Kwa mfano: "Jana Jumanne, saa 2 usiku, nikiwa Mkoani kwa simu ya Tecno, niliandika Ng'ambo kwenye sehemu ya mtaa nikabonyeza Hifadhi. Nilitarajia isajiliwe. Ukurasa ukawa mweupe. Nimejaribu mara tatu, yote sawa. Nikiandika Ngambo bila ya alama inakubali." Weka picha ya kioo, lakini ziba namba yako ya siri na salio. Ripoti ya namna hiyo fundi anaweza kuifanyia kazi bila ya kukupigia simu, na ile sentensi ya mwisho, ya kujaribu bila ya alama, inampeleka moja kwa moja kwenye mstari ulioharibika.

Na kama ni fedha imekatwa mara mbili, hifadhi jumbe zote mbili kabla ya kupiga simu.